Lugha ya Jikoni katika Vitabu vya Mapishi vya Pwani

Katika nchi za Ulaya na Marekani kitabu cha mapishi ni miongoni mwa vitabu vinavyotoka sana katika maktaba za watu wote. Msomaji hukiazima, akapika mara mbili tatu, akakirudisha kina madoa ya mafuta, na mwenziwe akakichukua. Mwaka ukikaribia kwisha, magazeti ya huko hutoa orodha ya vitabu vipya vya mapishi vilivyo bora, na wakutubi huagiza nakala wakitazama orodha hizo. Katika pwani ya Waswahili mambo si hivyo, wala sababu yake si kwamba watu wa pwani hawapendi kupika au hawapendi kusoma. Sababu, kwa sehemu kubwa, ni lugha. Vitabu vizuri juu ya chakula cha pwani vipo, lakini havikuandikwa katika lugha ambayo chakula hicho hupikwa. Na maelezo ya mapishi yaliyoandikwa kwa Kiswahili aghalabu yamechukua Kiswahili kisichojua jiko.

Ili neno hili lisibaki hewani, yafaa lipimwe mahali, na mahali panapofaa ni Mkwaja. Mkwaja iko katika wilaya ya Pangani, mkoa wa Tanga, upande wa kusini wa mto, njia ya kwendea Saadani. Mbele yake ni bahari, na nyuma yake ni nyika ambayo kwa miaka mingi ilikuwa shamba kubwa la ng'ombe, na ambayo sasa imeingizwa katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. (Jina la Mkwaja linasikika karibu na mkwaju, mti wa ukwaju, lakini kusikika karibu si ushahidi wa asili.) Watu wake husema Kiswahili cha Mrima, na Kizigua ki jirani, kaskazini yao, kuelekea Tanga, ndiko kwenye Kimtang'ata, lahaja ambayo W. H. Whiteley aliitolea kitabu chake mwaka 1956. Vyakula vya pwani hiyo vinajulikana: samaki wabichi na wakavu, papa, ng'onda, kamba, muhogo, mchele, na nazi katika karibu kila chungu. Moto ni wa kuni au wa makaa. Kitabu cha mapishi kinachofaa kuwekwa katika maktaba za mkoa huu sharti kimfae mpishi wa namna hiyo. Kikimfaa mwenye tanuri la umeme peke yake, basi kina wasomaji wake, lakini hakiwezi kuitwa kitabu cha mapishi ya pwani.

Kati ya vitabu vilivyopata sifa katika miaka ya karibuni, viwili vyastahili kutajwa. Cha kwanza ni A Taste of Zanzibar cha Zarina Jafferji, kilichotolewa Unguja na Gallery Publications, chenye maneno ya Kiswahili, Chakula Kizuri, katika jina lake. Maneno hayo mawili ni bango la mlangoni. Ndani ya nyumba husemwa Kiingereza. Cha pili ni In Bibi's Kitchen cha Hawa Hassan, alichokiandika pamoja na Julia Turshen na kukitoa Marekani mwaka 2020. Mpango wa kitabu hiki ni mzuri kupita vitabu vingi vya aina yake. Kimekwenda kwa mabibi wa nchi nane za Afrika zinazogusa Bahari ya Hindi, kuanzia Eritrea na Somalia, kupita Kenya na Tanzania, hata Msumbiji, Afrika Kusini, Madagaska na Komoro. Na karibu na kila fungu la mapishi yamewekwa mazungumzo na wenye mapishi wenyewe, juu ya maisha yao na nyumba zao. Mwandishi ametambua kwamba mapishi bila mpishi ni nusu ya habari, na utambuzi huo ni jambo kubwa.

Walakini hapo ndipo penye hasara. Neno bibi limepanda jaladani, lakini usemi wa bibi haukupanda pamoja nalo. Bibi wa pwani, popote alipo, akieleza jinsi ya kupika mchuzi hutumia vitenzi ambavyo Kiingereza hakina, na hueleza wakati kwa njia ambayo saa haina. Msomaji wa New York hakupoteza kitu, kwa kuwa hakuwa nacho. Msomaji wa Tanga amepewa chakula chake mwenyewe kwa lugha ya wengine, na akitaka kukirudisha katika Kiswahili itampasa afasiri. Na atakachopata baada ya kufasiri sicho alichokisema bibi.

Jambo hili laonekana wazi zaidi kwa mfano. Mkate wa kumimina ni chakula cha pwani yote, na mtu akiueleza kwa kuufuata muundo wa vitabu vya Kiingereza, ambao ndio unaofuatwa sana hata na waandishi wa Kiswahili, ataandika hivi: Chukua vikombe viwili vya mchele. Loweka usiku mzima. Saga na tui la nazi. Ongeza sukari na hamira. Acha kwa saa moja. Weka katika tanuri kwa dakika 40. Hapana kosa la sarufi hapo. Kila neno ni la Kiswahili. Lakini mtu wa pwani aliyelelewa jikoni angesema namna nyingine, mathalani hivi: Mchele ukishalowana hata wavunjika kwa kidole, unausaga pamoja na tui zito mpaka ukiusugua mkononi usikute punje. Unatia hamira, sukari na iliki, unafunika, unauacha mpaka uumuke ufanye mapovu. Sufuria unaipaka mafuta, unaipasha moto, ndipo unamimina. Moto wa chini uwe mdogo, wa juu mkubwa. Ukishapata rangi, unachoma kijiti. Kikitoka kikavu, unaepua.

Tofauti ya maelezo haya mawili si ya urembo. Katika maelezo ya kwanza mpangilio wa kazi umeachiwa nukta: sentensi moja imekwisha, nyingine imeanza, na msomaji adhani tu kwamba hii yafuata ile. Katika ya pili kazi zimefungwa pamoja na sarufi yenyewe. Kiambishi -ki- pamoja na -sha- chaeleza kwamba jambo la pili lisianzwe kabla la kwanza halijatimia. Neno mpaka halitaji dakika. Lataja dalili, na dalili hiyo ni ya mkono au ya jicho. Na neno ndipo, dogo kama lilivyo, limebeba maarifa yote ya mkate huu: sufuria isipopata moto kwanza, mkate utashika chini. Aliyeandika ‘weka katika tanuri kwa dakika 40’ hakusema neno juu ya hilo. Tena dakika 40 za makaa ya mkoko na dakika 40 za makaa ya mti laini si wakati mmoja. Mpishi wa Mkwaja akifuata saa ataunguza. Akifuata mpaka hataunguza.

Hapa yafaa kusema neno juu ya sura ya amri, chukua, weka, ongeza, koroga, kwani ndiyo iliyotawala. Waandishi wengi huidhani kuwa ndiyo sura ya asili ya maelezo ya mapishi, kwa sababu ndiyo sura ya Kiingereza. Katika Kiingereza amri ya kitabu cha mapishi haina mkubwa wala mdogo ndani yake. Katika Kiswahili cha nchi hizi ina historia. Walowezi wa Kenya walikuwa na kitabu chao cha upishi na utunzaji wa nyumba, kilichotolewa Nairobi na chama cha wanawake wa kanisa la St. Andrew's, mara ya kwanza mwaka 1928. Mwaka 1936 F. H. Le Breton alitoa mazoezi yake ya Kiswahili cha bara, na katika jina lake refu akawataja wazi aliowakusudia: askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Kiswahili cha jiko la mlowezi kilikuwa Kiswahili cha leta, ondoa, pesi-pesi. Si haki kusema kwamba kila anayeandika ‘chukua nyanya mbili’ ameirithi sauti ile. Wako mama wa pwani wanaotumia amri wakiwafundisha binti zao, na hakuna anayeona vibaya. Lakini mama hutumia amri pamoja na sura nyingine. Husema unatia, husema utie, husema hutiwa, na kila moja ina kazi yake. Unatia ni ya mtu anayeonyesha huku akifanya. Utie ni mausia. Hutiwa ni desturi, wala haina mtu: kiambishi hu- hakichukui nafsi, na kwa sababu hiyo kinafaa kabisa kueleza jambo ambalo si la mpishi mmoja bali la mji mzima. Kitabu kilichobakiza amri tupu kimetupa vyombo vitatu kati ya vinne.

Aliyeitumia hu- hiyo kwa ustadi yuko, naye ni wa Mrima hii hii. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefundisha Kiswahili Berlin, aliandika habari za desturi za Waswahili ambazo Carl Velten alizichapisha Ujerumani mwaka 1903. Humo zimo habari za vyakula pamoja na arusi, ngoma, matanga na uganga, na nathari yake bado ni kipimo cha maelezo ya kazi za mikono kwa Kiswahili. Mpishi hataweza kupika kwa kitabu hicho peke yake, maana Mtoro hakukusudia kufundisha upishi. Lakini mwandishi wa mapishi atakayekisoma ataona kwamba Kiswahili kilikwisha kuwa na namna yake ya kueleza kazi hatua kwa hatua kabla vitabu vya walowezi havijaandikwa. Ni ajabu kidogo kwamba katika mpangilio wa Dewey unaofuatwa na maktaba nyingi duniani, kitabu kama hicho hukaa katika 390 pamoja na mila, na vitabu vya upishi hukaa katika 641.5. Msomaji anayetafuta chakula atakwenda rafu ya pili na kukutana na Kiingereza. Kiswahili kizuri cha chakula kiko rafu ya kwanza, nyuma ya mgongo wake.

Msamiati ni jambo la pili, na pengine ndilo lenye hasara ya haraka zaidi. Kitenzi weka kimefanywa mtumishi wa kazi zote. Vitabu na majarida huandika ‘weka chumvi’, ‘weka mafuta’, ‘weka tui’, ‘weka sufuria jikoni’, ‘weka pembeni’. Mtu wa pwani huweka akiba, huweka sahani mezani. Katika chungu hutia. Chumvi hutiwa au hunyunyizwa, tui humiminwa, samaki wa kupaka hupakwa. Chungu hakiwekwi motoni: hutelekwa, na Mombasa huinjikwa, na sehemu nyingi za bara hubandikwa. Kikiiva huepuliwa, au huipuliwa. Muhogo wa maji na chumvi, bila nazi wala mafuta, hupwazwa. Samaki wa mvuvi hubanikwa kwa vijiti penye moto. Kinachofukiwa ndani ya majivu ya moto huvumbikwa. Wali na mkate hupaliwa makaa juu ya kifuniko. Maneno haya yote si ya kale kwa maana ya kufa. Mengi yao yamo katika kamusi ya Johnson ya 1939, na yangali midomoni mwa watu. Walakini mtu akisoma mapishi ya Kiswahili yaliyochapwa atadhani kwamba wapishi wa pwani wana vitenzi vitatu: chemsha, kaanga na weka.

Na vitenzi hivi havikai peke yake. Vinakaa na vyombo. Neno kupalia lina maana kwa aliye na makaa na kifuniko cha bati. Kifumbu, mfuko wa ukindu wa kukamulia nazi, kinaondoka jikoni kwa sababu ya chujio la dukani, na kinapoondoka huondoka na tofauti kati ya kasimile, tui la kwanza lisilotiwa maji, na tui jepesi la pili na la tatu. Tui la makopo ni moja tu. Mwandishi anayeandika ‘kopo moja la tui’ anaeleza jiko lake kwa uaminifu, na hapana wa kumlaumu. Lakini asiyeeleza kwamba tui jepesi ndilo linalopikia na tui zito ndilo la mwisho, na kwamba tui zito hukorogwa bila kuachwa hata lichemke, la sivyo hukatika, huyo hajaeleza mchuzi wa nazi.

Vipimo vyahitaji maneno machache. Kibaba, kisaga cha vibaba viwili na pishi ya vibaba vinne vilikuwa vipimo vya nafaka, na kilo imevifukuza sokoni bila kuvifukuza katika methali. Hakuna anayetaka kuvirudisha. Lakini gramu 250 kwa mtu asiye na mizani ni nambari isiyo na kitu. Maji ya wali hupimwa kwa pingili ya kidole juu ya mchele, na kipimo hicho chafanya kazi katika chungu chochote, kikubwa kwa kidogo, jambo ambalo kikombe hakiwezi. Kitabu cha busara kingetoa vyote viwili.

Haitakuwa haki kuyasema haya bila kukumbuka kitu ambacho serikali ya Tanzania ilifanya katika miaka ya 1970, kwani ndicho kilichofikisha maandishi ya Kiswahili juu ya chakula vijijini kuliko jaribio lolote la kabla yake. Taasisi ya Chakula na Lishe iliundwa mwaka 1973. Mwaka huo huo ilifanywa kampeni ya Mtu ni Afya, watu wakikutana kwa vikundi, wakisikiliza redio na kusoma kijitabu pamoja. Na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai kwa utaratibu ule ule. Kusudi lilikuwa lishe, si ladha, na kwa kusudi hilo lugha nyepesi ya mafundisho ilitosha. Tatizo ni kwamba lugha ile ya semina imebaki kuwa ndiyo lugha ya chakula katika maandishi hata lisipokuwapo kusudi la semina. Mtu akiandika leo juu ya mchuzi wa papa hukimbilia protini na vitamini kabla hajasema papa mkavu aoshwe mara ngapi ili chumvi itoke. Vyakula vya kujenga mwili vimejulikana; vyakula vya kupendeza ulimi vimesahauliwa katika karatasi, ingawa havikusahauliwa katika sinia.

Kuhusu maktaba zenyewe, mpango wa kuwafikishia watu wa Afrika Mashariki vitabu si mgeni. East African Literature Bureau, iliyoanzishwa mwaka 1948, ilikuwa na masanduku ya vitabu yaliyozungushwa. Huduma za maktaba za Tanganyika ziliwekewa sheria mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ikafunguliwa mwaka 1967. Tanga mjini kuna maktaba ya mkoa katika jengo lililojengwa zamani za Waingereza kwa ukumbusho wa Mfalme George VI. Kwa mtu wa Mkwaja maktaba hiyo iko ng'ambo ya mto Pangani, na si safari ya kila juma. Lakini hata angekuwa jirani yake, kitabu cha mapishi ya kwao kwa Kiswahili cha kwao angekiazima kipi? Hesabu ya vitabu vilivyoazimwa hupima kilichopo katika rafu. Kisichokuwapo hakiwezi kuhesabiwa. Kwa hiyo anayesema kwamba vitabu vya mapishi havina wasomaji katika maktaba za pwani amesema jambo ambalo hesabu yake haiwezi kulithibitisha. Uingereza, ambako sheria ya 1979 iliwapa waandishi haki ya kulipwa kwa vitabu vyao vinavyoazimwa, mwandishi wa mapishi apata faida kutoka rafu ya maktaba. Mwandishi wa Tanga angepata nini, hata kama nia anayo? Mkoa huu umemzaa Shaaban Robert, aliyekufa mwaka 1962, na nathari ya Kiswahili imejengwa juu ya mabega yake. Lakini sifa za mwandishi wa mapishi hakuna anayezitoa, wala majarida ya lugha hayamtazami.

Hamu ipo, na dalili yake ni simu. Mapishi kwa Kiswahili hutazamwa siku hizi kwa picha za video na watu wa Pwani, wa bara na hata wa Ghuba, na lugha isikikayo humo ni ile ya unatia na unaepua, si ya chukua na weka. Mtu angedhani basi kwamba yatosha kuyaandika maneno yale yasemwayo, kitabu kikawa tayari. Haitoshi. Mkono unapoonekana, ulimi hulegea. Mpishi husema ‘unafanya hivi’, ‘mpaka iwe kama hivi’, na hivi hiyo ni ya jicho. Katika karatasi haina maana. Kitabu hudai kwamba hivi igeuzwe kuwa neno: mpaka mafuta yaelee juu, mpaka kitunguu kiwe rangi ya kahawia bila kuungua, mpaka harufu ya ubichi wa bizari iishe. Kazi hiyo ya kugeuza ndiyo kazi ya mwandishi, na haiwezi kufanywa na mtu asiyepika, wala na mpishi asiyeisikiliza lugha yake.

Likibaki swali la lahaja, yaani kitabu kitakachoandikwa Pangani kitumie teleka au bandika, epua au ipua, mafya au mafiga, hilo si zuio. Charles Sacleux, katika kamusi yake ya 1939, hakuchagua neno moja akayafukuza mengine. Aliyaandika yote na kuonyesha kila neno la wapi. Mwandishi wa mapishi aweza kuandika kwa usemi wa kwao toka ukurasa wa kwanza hata wa mwisho, kisha akawatazama wengine katika faharasa: injika, tazama teleka, ipua, tazama epua, mafiga, tazama mafya.